Barua ya Wazi kwa Mganga Mfawidhi

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: PONGEZI KWA KUTUNZA SIRI ZA ZAHANATI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wagonjwa wa benchi la nje, wenye akili timamu isipokuwa wale wa homa kali, tumekaa tukaona tukupongeze. Katika nchi ambayo hata mtihani huvuja, zahanati yako imeweza kutunza siri nne bila kupenyeza hata moja: saa za huduma, bei za huduma, huduma za bure na mahali pa kulalamikia.

Tuanze na saa. Getini pameandikwa saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, na hapo ndipo maandishi yanapoishia. Kwamba kliniki ya watoto ni Jumanne, kwamba siku ya Ijumaa maabara hufungwa mapema, kwamba wenye presha na sukari wana siku yao, hayo anayajua mlinzi. Mama akishuka kutoka mlimani Jumatano na mtoto mgongoni, hupokewa kwa swali: "Kwani ulikuwa hujui?" Hakujua, ndugu Mganga. Siri ilitunzwa barabara.

Bei nazo zimeandikwa, tusikusingizie. Orodha imebandikwa ndani ya chumba cha malipo, nyuma ya kabati, mahali ambapo mgonjwa huifikia akiwa ameshalipa. Kabla ya hapo hupewa namba ya malipo, hutuma pesa kwa simu, kisha ndipo huuliza pesa yenyewe ilikuwa ya nini.

Ila penye misamaha ndipo mlipotia fora. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataka wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Chanjo za watoto ni bure. Dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI ni bure. Habari hizi hazijapata ukuta. Kilichopata ukuta ni bango zuri juu ya dirisha: "Mpishe Mzee Apate Huduma Kwanza." Na kweli wazee wetu wanapishwa. Wanafika dirishani wa kwanza, na wa kwanza kuambiwa walipe ni wao.

Waliotuuzia kadi ya bima ya CHF iliyoboreshwa, iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, walikuja na kipaza sauti mpaka minadani. Kipaza sauti hicho hakijarudi kutuambia kadi inalipia nini na hailipii nini. Tunajifunza dirishani, dawa moja moja.

Kuhusu malalamiko, sanduku la maoni lipo na kufuli lake ni imara. Ufunguo, tunaambiwa, ulihama na mganga aliyehamishwa.

Mtu asidhani kuta zenu ziko tupu. Kuna Dira na Dhima ndani ya fremu ya kioo. Kuna picha ya mgeni rasmi akikata utepe. Kuna mabango ya Kiingereza yaliyoletwa na mradi ambao umeshakwisha. Kuta zinaongea mchana kutwa, ila zinaongea na wakaguzi na wafadhili.

Wala asitokee wa kuwaita wachoyo wa habari. Za mgonjwa mnazitoa bila kinyongo. "Wa fangasi za sehemu za siri, dawa yako hii!" hulia dirisha la dawa, na benchi zima hugeuka kumtafuta mwenyewe. Chumba cha daktari mlango wake hauna kitasa, hivyo historia ya ugonjwa tunaisikiliza wote kwa pamoja. Basi siri ya mgonjwa imekuwa mali ya umma, na habari za umma zimekuwa siri ya zahanati.

Tulifikiria kuomba orodha ya bei kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatupa haki hiyo, na inaipa ofisi hadi siku 30 kujibu. Tatizo ni kwamba dozi ya dawa mseto ya malaria ni siku 3. Jibu likifika, mwombaji atakuwa amepona au ameshasomewa hitima. Kwa hiyo tunapendekeza mlinzi apandishwe cheo awe Afisa Habari, maana kazi anaifanya tayari.

Sasa tuseme bila utani. Tunajua mko wachache, na kwamba muuguzi yuleyule anazalisha, anachanja na kugawa dawa. Ndiyo sababu kila swali la dirishani linamlia muda ambao hana. Karatasi moja inatosha, ya Kiswahili, kwa herufi kubwa, ibandikwe mlango wa nje: siku na saa za kila kliniki, bei ya kila huduma, nani halipi, dawa zipi hazipo wiki hii, na namba ya simu ya malalamiko inayopokelewa. Haihitaji mfadhili wala bajeti ya halmashauri. Ibandike kabla ya Jumanne, na ukimaliza, mtafute fundi atie kitasa kwenye mlango wa daktari.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mgonjwa wa Benchi la Nje