Maji Yaliyopishana Uani

Binti yangu alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani kusubiri matokeo, na katika kusubiri huko akawa rubani. Kwenye kompyuta ya mjomba wake kuna mchezo uitwao IL-2 Sturmovik: Cliffs of Dover, uliotoka mwaka 2011, unaoigiza vita vya anga vya Uingereza vya 1940. Yeye hurusha Spitfire. Jioni moja alikuja mezani amenuna. Alimfuata Heinkel wa Kijerumani kwa nyuma, akafyatua, akaona risasi zikimulika kulia na kushoto kwa ndege ile, mwili wa katikati haukuguswa.

"Mchezo wenu unaiba," mdogo wangu akasema. "Risasi huenda kule bunduki inakotazama."

"Mjomba, hizo bunduki ziko mabawani!"

Na kweli. Spitfire za mwanzo zilikuwa na bunduki za rashasha nane aina ya Browning, nne kila bawa, zimewekwa mbali na panga la mbele ili lisipigwe na risasi. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili ni zaidi ya mita 11. Zikitazama mbele moja kwa moja, risasi zitasafiri na pengo lao katikati. Kwa hiyo mafundi wa silaha walizigeuza ndani kidogo, mito miwili ya risasi ikutane mbele ya pua ya ndege, kwa umbali uliopangwa ndege ikiwa bado chini. Jeshi la anga la Uingereza lilianza na yadi 400, yaani kama mita 365. Kabla ya hapo risasi hazijakaribiana vya kutosha. Zikishapita hapo zinapishana, za kulia zinakwenda kushoto na za kushoto kulia.

Mchezo unamwachia rubani achague umbali huo mwenyewe. Binti yangu alimwogopa mshika bunduki wa Heinkel, akapanga mita 500 ili apige kwa mbali. Halafu hamu ya vita ikawa inamsogeza hadi mita 150 kabla hajafyatua. Hapo risasi zinakuwa hazijamaliza hata theluthi ya safari ya kukutana. Alimweleza mjomba wake haya kwa kijiko na uma, mjomba akakataa. Akaahidi kumwonyesha Jumamosi.

Jumamosi hiyo nilikuta ubao mrefu umelazwa juu ya vigoda viwili uani, na mpira wa maji umefungwa kila mwisho. Yote miwili ilitoka kwenye bomba la tangi, imegawanywa kwa tii. Midomo ya mipira ilibanwa maji yatoke kwa nguvu, ikageuzwa ndani kidogo. Beseni la plastiki lilining'inia kwenye kamba ya kuanikia nguo. Maji yalipofunguliwa, mikondo miwili ilikutana juu ya beseni, likayumba na kuanguka. Akalisogeza karibu zaidi: maji yakapita pembeni kulia na kushoto, beseni likabaki kavu. Nilisimama mlangoni nikimtazama kwa fahari. Nilikuwa na maneno ya kumwambia kuhusu maji ya mgao, nikayaacha kwanza.

Mdogo wangu alitaka zamu yake. Alilipeleka beseni mbali, karibu na baraza. Maji yalipoangukia chini kabla ya kufika, akainua midomo ya mipira. Hapo alikuwa amegusa jambo la kweli, maana risasi nayo huanza kuanguka tangu inapotoka mtutuni. Ile ya Browning ikifika yadi 250 imeshuka kama nusu mita, ndiyo maana bunduki hupangwa zitazame juu kidogo kuliko mstari wa macho ya rubani. Tena safari hiyo huchukua kama theluthi ya sekunde. Ndege inayokatiza mbele yako kwa kilomita 360 kwa saa huwa imesogea mita 30 hivi, na rubani asiyelenga mbele yake anapiga hewa.

Maji yalifika, lakini yalikuwa yameshapishana. Mkondo wa kulia ulikwenda kushoto barazani, ukamwagikia ungo wa mchele aliokuwa akiuchambua mama yangu. Mkondo wa kushoto ukaingia dirisha la jikoni, ukazima jiko la mkaa, majivu yakaruka hadi kwenye sufuria ya maharage ya nazi. Mdogo wangu alikimbilia bomba, koki ikamtoka mkononi. Spitfire ilibeba risasi 300 kwa kila bunduki, zilizokwisha kwa sekunde 15 hivi za kufyatua. Tangi letu lilimwaga taratibu zaidi, lakini nalo lilikwisha lote.

Mama hakufoka. "Njoo, mke mwenzangu," akamwita mjukuu wake, "tuuanike huu mchele. Nani kakufundisha haya?"

Wakiutandaza mkekani, binti yangu akamsimulia habari za Adolph Malan, mzaliwa wa Afrika Kusini, baharia kabla ya kuwa rubani, aliyeongoza skwadroni ya 74 mwaka 1940. Malan aliona yadi 400 ni mbali mno, akataka bunduki zake zikutane kwenye yadi 250, kisha akawasogelea adui kwa umbali huohuo. Mama akauliza baada ya vita alifanya nini. Mwaka 1951 aliongoza vuguvugu la Torch Commando, la askari waliorudi kutoka vitani, kupinga mpango wa serikali yao kuwanyang'anya Machotara haki ya kura. Hilo ndilo lililomfurahisha mama kuliko bunduki zote.

Usiku huo binti alipanga mita 200, akasogea bila kufyatua mpaka Heinkel akajaa kiooni, na injini moja ikawaka. Mdogo wangu sasa ameigeukia mchezo mwingine wenye P-38 ya Wamarekani, ndege yenye bunduki nne na mzinga mmoja puani, isiyohitaji risasi zikutane popote. Anasema hesabu imekwisha. Mpwa wake anamjibu kwamba risasi za puani nazo zinaanguka, na wameanza upya.