Mhadhara wa Mtaalamu wa JAVA_HOME, Sultan Hamud

Mabibi na mabwana wa Sultan Hamud, madereva mlioegesha malori kando ya barabara ya Mombasa, na wewe kijana wa saiba mwenye kompyuta ya Ubuntu: nyamazeni. Mtaalamu amepanda jukwaani. Shahada zake hazina haja ya kuonyeshwa. Inatosha kujua kwamba alijitunuku zote bila kupingwa.

Mada ni Maven, chombo cha kujengea programu, kukataa kujenga programu ya Java. Watu wa kawaida husema Linux imeharibika, wakaifuta na kuiweka upya. Mtaalamu huwasikitikia, kisha huwatoza ada.

Mfano uko hapa hapa Kenya. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Marekani na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, umeandikwa kwa Java na hujengwa kwa Maven. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vya afya nchini, imesimama juu yake. Sasa kijana wa Makueni anapakua msimbo huo, anaandika mvn clean install, anajibiwa kwamba JAVA_HOME, kigezo kinachotaja folda ya Java, haikuwekwa sawasawa. Anajaribu java -version: Java ipo, inaitika kwa adabu. Hapo ndipo watu huanza kushuku uchawi.

Si uchawi. Ukiandika java, Linux huitafuta kupitia PATH, orodha ya folda za amri. Maven hutazama JAVA_HOME kwanza. Amri ya update-alternatives hubadilisha java inayopatikana kwa njia ya PATH, lakini JAVA_HOME haiigusi. Ndiyo maana moduli ya zamani inayotaka Java 8 hujikuta mikononi mwa Java 17, huku mwenye kompyuta akiapa kwamba alishabadilisha toleo. (Makofi yanaruhusiwa.)

Kuna kosa linalomnyima Mtaalamu usingizi: kuandika JAVA_HOME ikaishia na bin. Maven huongeza /bin/java yenyewe, kwa hiyo inakwenda kutafuta bin ndani ya bin. Hata Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar ambaye mji huu ulipewa jina lake, alitosheka na bin moja.

Wapo wanaoacha nafasi pande mbili za alama ya =. Bash hudhani JAVA_HOME ni amri, na haiijui. Wapo wanaosahau export, na wapo wanaorekebisha .bashrc kisha wakaendelea na terminali ile ile iliyofunguliwa tangu asubuhi. Wengine hutanguliza sudo, ambayo kwa kawaida hupangusa vigezo walivyoviweka kwa jasho. Wazee wa M2_HOME, kigezo cha folda ya Maven, nao wajue kwamba Maven iliacha kuitegemea tangu toleo la 3.5.0, mwaka 2017. Wanaouza mafunzo ya kuiweka hadi leo watatajwa hadharani, Mtaalamu akishamaliza kuuza ya kwake.

Lakini fundi halisi hujulikana kwa hili. Katika Ubuntu, openjdk-17-jre na openjdk-17-jdk hukaa kwenye folda moja, /usr/lib/jvm/java-17-openjdk-amd64. Njia yaweza kuwa sahihi herufi kwa herufi, na bado javac, inayotafsiri msimbo, isiwepo. Maven italalamika kwamba haina cha kutafsiria, na mtu atakesha akihariri njia isiyo na kosa lolote. Dawa ni mstari mmoja: sudo apt install openjdk-17-jdk. Mtaalamu huupa mstari huo jina refu la Kilatini ili bei ipande.

Maswali yanakaribishwa. Ila kabla ya kumsumbua msomi, kila mmoja aandike mvn -v na asome mstari wa tatu: unataja toleo la Java ambalo Maven imelishika na folda inakotoka. Mkiona jibu limo humo, nendeni nyumbani salama. Ada iliyolipwa mlangoni hairudishwi.