Mawese Ndani ya Ordinateri

Upozaji wa kompyuta kwa kimiminiko ni utaratibu ambao pampu ndogo husukuma maji yaliyokenekwa kupitia bamba la shaba lililokaa juu ya prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote na kuchemka kwa sababu hiyo, kisha huyapeleka kwenye rejeta, ambako feni huyatoa joto na safari kuanza upya. Ugumu umo katika neno “yaliyokenekwa”, kwa kuwa Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, maji ya namna hiyo ni adimu kuliko dhahabu, ambayo angalau huchimbwa Namoya.

Kutumia kimiminiko kimoja mahali pa kingine si jambo geni hapo. Mwaka 1871 mvumbuzi Mskoti David Livingstone, wino ukiwa umemwishia, aliandika barua akiwa Kabambare kwa rangi ya mbegu za mmea, nayo ikafifia hata ikabidi wataalamu waisome kwa picha za mianga maalumu zaidi ya karne moja baadaye.

Mbadala wa kwanza kumjia mwenyeji ni mawese, na hoja yake si ya kipuuzi: mafuta hayapitishi umeme, hivyo mrija ukivuja, ordinateri (ndivyo kompyuta iitwavyo huko) haiungui, bali inapakwa mafuta tu kama samaki anayesubiri kikaango. Hata Cray-2, kompyuta kubwa ya Marekani ya mwaka 1985, ilizamishwa katika kimiminiko kisichopitisha umeme. Lakini mawese, kwa uzito ule ule, hubeba takriban nusu tu ya joto libebwalo na maji, tena yana tabia ambayo kila mpishi wa sombe (yaani kisamvu) anaijua: asubuhi ya kiangazi, mwezi wa Juni, hukutwa yameganda chupani, na sharti yaanikwe juani ndipo yamiminike. Basi mwenye ordinateri hulazimika kuipasha moto ili aweze kuipoza, hatua ambayo vitabu vya ufundi havijaitengea sura. Habari za sisimizi afadhali ziachwe.

Hubaki lotoko, pombe kali inayokenekwa kwa mahindi na mihogo, ambayo haigandi na hutiririka vyema, ila hushika moto upesi, hutia nyufa tangi la plastiki, na kiwango chake hushuka kila usiku ijapokuwa fundi, aliyejitolea kulala kibandani ili auchunguze mtambo, huapa asubuhi, kwa ulimi mzito kidogo, kwamba hakuna kiungo kinachovuja.