Baridi Kali Temeke

Nyumbani kwetu kompyuta ya dukani ndiyo pekee inayopimwa joto kila sekunde. Watoto wakipata homa huwekewa kiganja shingoni wakaambiwa wakalale. Mimi nikipata homa naambiwa ninadeka. Lakini hiyo kompyuta ina vihisi kila mahali: ndani ya kila kiini cha prosesa, kwenye madabodi, kwenye diski, na juu yake kuna chipu nzima ambayo kazi yake ni kusikiliza feni inazunguka vipi na umeme unaingia kwa volti ngapi. Anayekusanya umbea wote huo ni kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi. Kwetu mfumo ni Linux, kwa sababu mpwa wangu alipohamia kwetu kusoma chuo aliikuta mashine imejaa virusi vya flashi za wateja, akafuta kila kitu, akaanza upya. Tangu siku hiyo virusi havipo. Tulichopata badala yake ni taarifa.

Duka letu ni la steshenari, Temeke. Tunatoa kopi, tunachapa barua za maombi ya kazi, tunapiga picha za pasipoti. Kaka wa mke wangu ameweka friji la soda mlangoni, umeme anautoa kwetu. Friji hilo likumbukeni.

Sasa kerneli ya Linux ina utaratibu wake wa kutoa taarifa. Ipo folda inaitwa hwmon, na ndani yake kila kihisi kina faili lake. Ukifungua faili unakuta namba moja, kavu, haina kipimo wala salamu. Na kwa kuwa kerneli haitaki kuhangaika na desimali, joto inaliandika kwa sehemu za elfu za nyuzi, na umeme kwa sehemu za elfu za volti. Mpwa wangu alikuwa ananionyesha hayo mafaili jioni moja, namba zimejipanga kwenye skrini, mke wangu akapita nyuma yetu na sinia la chai.

“Elfu hamsini na mbili ya nini?”

Nikamwambia ni joto la prosesa, nyuzi hamsini na mbili.

“Na hii elfu tatu mia tatu na kumi na mbili?”

Volti tatu na kitu.

“Na elfu moja mia moja themanini na nane?”

Mizunguko ya feni kwa dakika.

Akanyamaza kidogo. Mke wangu anajumlisha kichwani haraka kuliko kikokotoo. “Hamsini na sita elfu na mia tano,” akasema, “na mtoto anaenda shule na kandambili.”

Tushukuru tu kwamba mpwa wangu hakutuwekea OpenBSD, mfumo endeshi mwingine. Kerneli ya OpenBSD nayo ina mpango wake wa vihisi, na watu wanausifu, ila ndani kwa ndani joto inalihifadhi kwa sehemu za milioni za kelvini. Siku ya kawaida ya Dar es Salaam, nyuzi 32, kule inaandikwa 305,150,000. Hapo ningeulizwa kiwanja cha urithi nimekiuza lini.

Namba hizo mbichi hazisomwi na kila mtu. Ipo programu inayozipanga vizuri, joto kwa nyuzi, feni kwa mizunguko, na pembeni majina. Ndiyo mpwa wangu aliyoiacha wazi asubuhi moja ya Februari, wakati hata kuku wamejificha chini ya gari, na mstari mmoja ukasema: nyuzi 128 chini ya sifuri.

Shemeji yangu alisimama mbele ya skrini muda mrefu. Baridi kali kuliko zote iliyowahi kupimwa juu ya ardhi ni ya kituo cha Vostok, Antaktika, Julai 1983: nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Temeke ilikuwa imeipita kwa karibu nyuzi 39. Shemeji hakuwa na habari na Vostok. Aliuliza swali moja la kibiashara: “Shemeji, hiyo sehemu yenye baridi inaingia chupa ngapi?”

Ukweli ni kwamba sehemu hiyo haipo. Chipu ya vihisi ina miguu ya kuunganisha vipima joto vya ziada, na aliyeunda madabodi akaona vinamtosha alivyoweka, mguu mmoja akauacha unaning'inia. Chipu haijui kuwa haujafungwa kitu. Inasoma upuuzi ulioko kwenye mguu ule, inagonga mwisho wa namba inazoweza kuandika kwa biti nane, na hasi 128 ndiyo chini kabisa. Kerneli inapokea, inaandika. Haisemi “jamani, hii haiwezekani.” Kerneli ni karani wa mapokezi: anaandika jina ulilomtajia, hata ukimwambia wewe ni Mfalme Suleimani. Na pembeni ya mstari huo huo pana neno ALARM kwa herufi kubwa, kwa sababu mipaka ya juu na ya chini hakuna aliyeipanga, na joto la chochote likilinganishwa na mipaka isiyopangwa ni dharura.

Basi tukazoea. Na mazoea hayo ndiyo yaliyotuponza kwenye habari ya feni.

Feni ya asili ilikufa kifo cha kawaida, vumbi na uzee. Fundi akaja na nyingine kutoka Kariakoo. Feni ya kompyuta iliyo kamili huwa na nyaya tatu au nne. Mbili ni za umeme. Ya tatu ni ya kuhesabia: kila mzunguko mmoja feni hutuma mapigo mawili kwa kawaida, chipu inayahesabu, kerneli inatangaza mizunguko kwa dakika. Feni aliyoleta fundi ilikuwa na nyaya mbili. Nilipomwonyesha kwamba skrini inasema mizunguko sifuri, alinitazama kwa huruma.

“Bosi, feni ni upepo. Weka mkono hapo.”

Nikaweka mkono. Upepo ulikuwepo wa kutosha kurusha barua za maombi ya kazi hadi barabarani, na mchana huo zilirushwa. Skrini iliendelea kusema sifuri, ALARM. Kila mteja aliyeuliza aliambiwa na familia nzima kwa sauti moja: “Hiyo achana nayo.”

Wakati huo mpwa wangu alikuwa ameshatutengenezea kajidude ka kuonyesha joto la prosesa kwenye kona ya skrini, namba kubwa ya kijani, ili mimi na mke wangu tusisumbuke na mafaili. Kalifanya kazi vizuri hadi umeme ulipokatika na kurudi.

Kesho yake wateja wakaanza kulalamika. Ukurasa mmoja wa fomu ya mkopo wa chuo ulichukua muda wa kutosha mtu kwenda kunywa supu na kurudi. “Intaneti yenu leo iko chini sana,” wakasema. Mke wangu akanunua bando. Haikusaidia. Akanunua kubwa zaidi. Kwenye kona, namba ya kijani ilisema nyuzi 34, afya njema kabisa.

Mjusi alikuwa amepita kwenye uwazi wa nyuma ambao kifuniko chake kilipotea zamani, akaingia kati ya mapanga ya feni, na feni ikasimama. Kwa mara ya kwanza ile sifuri ilikuwa kweli tupu, na hakuna aliyeitazama. Prosesa ilipokaribia kikomo chake ikafanya ilivyofundishwa kiwandani: ikapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Kerneli nayo ilitimiza wajibu, ikaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba joto limevuka mpaka na mwendo umepunguzwa, ikarudia, ikarudia tena. Imeandika yote, saa na sekunde. Ila nani katika Temeke husoma kumbukumbu za kerneli saa nne asubuhi, foleni ya fomu imefika kwa muuza mihogo?

Fundi alimtoa mjusi kwa koleo. Mjusi alitoka mzima, mkia akauacha. Fundi akatutoza pesa ya “sevisi” na akapaka upya ile dawa nyeupe inayokaa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea, ambayo hatukuiomba.

Na ile 34 ya kijani? Mpwa wangu alipekua hadi usiku, akaja na jibu la kiwanasheria. “Mjomba, namba ni sahihi. Ila ni ya diski.” Folda za vihisi hupewa namba kwa kadiri madereva yake, yaani programu ndogo za kuongea na vifaa, yanavyowahi kujiandikisha mashine inapowaka, hwmon0, hwmon1, hwmon2, wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuhesabiwa. Tangu Linux 5.6 ya mwaka 2020, hata diski inaweza kujiandikisha humo na joto lake. Umeme ulipokatika na kurudi, diski ikawahi kiti cha prosesa, na kajidude kakaendelea kusoma kiti bila kuangalia nani amekalia. Ndani ya kila folda lipo faili la jina. Siku hizi kanauliza jina kwanza.

Nisije nikaonekana naonea mashine yetu peke yake. Vijana wa mtaa wa pili wana mashine yenye prosesa ya AMD, Ryzen ya toleo la kwanza, zile za mwaka 2017, na baadhi yake, kama 1800X, zilikuwa zinaripoti joto lenye nyuzi 20 za nyongeza kwa makusudi, ili feni ziwahi kukimbia. Maelezo ya dereva wa AMD kwenye Linux yanasema waziwazi kuwa namba hiyo ya udhibiti si joto halisi la kitu chochote, ni kipimo cha kujitungia. Ni heshima kubwa kwa uandishi: kipima joto kinachokuambia mapema kwamba hakipimi joto. Na zipo ThinkPad za zamani za IBM ambazo kitendo tu cha kutafuta vihisi kiliziua. Programu ilipopita kwenye nyaya za ndani ikigonga kila mlango kuuliza nani yupo, chipu moja ya kumbukumbu ilielewa hodi kuwa amri ya kuandika, ikaharibu data zake, na mashine haikuwaka tena. Dereva mmoja wa Linux hadi leo akigundua yuko ndani ya IBM ya aina hiyo hugoma kuingia kazini.

Kwa wenzetu wa FreeBSD, mfumo endeshi mwingine tena, ugomvi ulikuwa ni kama vitu hivi viwemo kabisa. Mwaka 2007 Constantine Murenin aliuhamishia huko mpango wa vihisi wa OpenBSD, ukaingizwa mwezi Oktoba, na muda mfupi baadaye ukatolewa, mmoja wa watengenezaji wa FreeBSD, Poul-Henning Kamp, akiwa mstari wa mbele kuupinga kwamba usanifu wake haufai. Nikiwaza mjusi, sijui ningepiga kura upande upi.

Printa ndiyo iliyotaka kutuua kwa kicheko. Tunayo moja kongwe ya pini, ya kelele, ya kutoa ankara za nakala tatu kwa duka la vifaa vya ujenzi jirani, na bado inatumia ule waya mnene wa zamani. Kerneli ina namna yake ya kuihukumu. Printa ikiinua alama ya hitilafu, kerneli inauliza: karatasi zimekwisha? Hapana. Imezimwa kwenye laini? Hapana. Basi, inahitimisha kerneli, itakuwa inaungua moto. Inaandika hivyo kwa Kiingereza chepesi, lp0 inawaka moto, utani wa mafundi wa miaka mingi ambao hakuna aliyetaka kuufuta. Waya ukalegea. Mpwa wangu, aliyekuwa tangu habari za mjusi amejitolea kusoma kumbukumbu kila saa, akasoma kwa sauti: “Mjomba, printa inaungua.” Hakuwahi kumaliza sentensi. Mke wangu alitoka uani na ndoo. Nilimdaka mlangoni, nusu ya maji ikaishia kwenye viatu vya mteja wa picha za pasipoti, ambaye bahati nzuri anapigwa kuanzia mabega kwenda juu.

Sasa mgogoro uliopo ni wa LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Yuniti zinaisha haraka na mke wangu anataka mshitakiwa. Prosesa za Intel za miaka hii hujipima zenyewe umeme zinaotumia, na kerneli hutoa hesabu kwa mikrojuli. Zamani faili hilo lilisomwa na yeyote. Novemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz na wenzao wakaonyesha kwamba ukifuatilia umeme huo kwa makini unaweza kuchungulia siri za programu nyingine, hata funguo za usimbaji. Faili likafungwa, sasa ni mwenye mamlaka ya juu ya mfumo tu anayelisoma. Kwetu nywila ya mamlaka ya juu anayo mke wangu, kwa sababu ya daftari la mauzo.

Akaiingiza. Ikatoka namba ndefu, akaitazama bila kushtuka, ameshazoea. Mpwa wangu akamweleza kuwa yuniti moja ya LUKU ni mikrojuli trilioni 3.6, akasoma mara mbili, akatoa, akagawanya. Wati kumi na nane.

“Hiyo ni prosesa peke yake, anti,” akasema. “Skrini haimo.”

“Na friji la kaka yangu?”

“Halina faili.”

“Halina kabisa?”

“Halina.”

“Basi,” akasema mke wangu akifunga daftari, “ni kompyuta.”