Mshubiri na Huruma za Lushoto

Mshubiri, mmea wenye majani manene yaliyojaa ute ambao siku hizi wengi huuita aloevera, asili yake ni nchi kame za Rasi ya Arabu, kwa hiyo kuupandisha hadi Lushoto, yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei na ukungu huingia barazani bila kubisha hodi, ni sawa na kumlaza mtu wa pwani nje mwezi wa Julai. Hata hivyo, kinachouua mara nyingi si baridi bali ni huruma. Mama mwenye nyumba huumwagilia asubuhi, dada wa kazi jioni, na mgeni akiona jani limelegea huumiminia maji yaliyobaki kwenye glasi yake, ilhali kulegea huko ni dalili ya mizizi iliyokwisha kuoza. Kopo la rangi, ambalo ndilo chungu cha maua cha nyumba nyingi, halikutobolewa chini, kwa kuwa ilihofiwa maji yangechafua kitambaa cha meza.

Machipukizi, yaani miche midogo inayoota ubavuni mwa mama yake, hutenganishwa kwa kisu kikali, huachwa kivulini siku kadhaa hadi jeraha likauke, ndipo hupandwa kwenye udongo uliochanganywa na mchanga mwingi. Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda la jani ni uleule mchungu ambao akina mama hupaka titi ili kumwachisha mtoto kunyonya, na anayemaliza kazi hii akaketi kula ugali bila kunawa sawasawa huachishwa chakula cha jioni kwa njia hiyohiyo.

Wapo pia wanaochomeka jani tupu udongoni na kulisubiri, nalo huoza, maana halina jicho, yaani mahali pa kuchomozea shina jipya. Wasichekwe sana, kwani milima yao ya Usambara ndiyo asili ya Saintpaulia, ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani mnamo 1892, likapewa jina la ukoo wao na Hermann Wendland mwaka 1893, na ambalo kweli huota kutokana na jani moja. Hivyo jani la Usambara huchipua kwenye kikombe dirishani Berlin, na jani la Uarabuni linaendelea kumwagiliwa Lushoto kwa wiki ya tatu, huku jirani akiwa ameahidi kuleta samadi.