Kikao cha Vyombo vya Safari

Jiko la gari la kambi lina sehemu tano: moto, vyombo vya kupikia, maji, meza ya kuandalia, na sanduku la kubebea vyote hivyo. Huchaguliwa kwa kujibu maswali mawili, moja baada ya jingine: kitapikwa nini, na kila chombo kitakaa wapi gari likiwa linatembea. Wanunuzi wengi hujibu la kwanza na kulisahau la pili. Vyombo navyo, vikiachwa uani peke yao, huyasahau yote mawili na kuanza kugombea ukubwa.

Kikao kinachoelezwa hapa ni cha vyombo vya Land Cruiser moja kuukuu ya Singida mjini, iliyong'olewa viti vya nyuma na kuwekwa kitanda. Safari ni ya watu wawili, siku tatu, kupitia Manyoni na Itigi hadi upande wa pori la akiba la Rungwa. Mwenyekiti ni Sanduku, wa mbao za mninga, aliyetumikia miaka mingi ubavuni mwa lori la Dar es Salaam hadi Kigali, akipanda na kushuka mlima Sekenke na ugali wa utingo tumboni. Katibu ni Mwiko.

Ajenda ya kwanza: moto

SANDUKU: Ndugu wajumbe, nafasi ya moto mkuu ni moja na waombaji ni wanne. Kila mmoja ajieleze kwa kifupi.

MWIKO: Mwenyekiti, naomba mwongozo. Kikao hiki kina posho?

SANDUKU: Hakina. Endelea kuandika.

JIKO LA KOPO: Mimi nimetoka ng'ambo. Sifikii gramu 100, najikunja naingia mfukoni, na maji ya chai nayachemsha kabla Mzee Mkaa hajashika moto.

SANDUKU: Karibu sana, kijana. Kopo lako la gesi liko wapi?

JIKO LA KOPO: Lilizuiwa uwanja wa ndege. Ndege za abiria hazibebi makopo ya gesi.

SANDUKU: Manyoni linauzwa?

JIKO LA KOPO: Huko Moshi na Arusha, wanakoanzia wapanda mlima, linaweza kupatikana.

SANDUKU: Andika, katibu: mwombaji ana shahada, vyeti vimebaki ughaibuni. Anayefuata.

MTUNGI: Mimi ni mtungi wa kilo 6, kichomeo changu nimejivika kichwani. Nabadilishwa Singida mjini, Manyoni na Itigi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mimi ndiye sera yenyewe.

SANDUKU: Sera haipiki maharage. Utadumu saa ngapi?

MTUNGI: Kichomeo kinachokula gramu 200 kwa saa kitanitumia saa 30. Kopo la yule kijana, lile la gramu 230, litakwisha kwa saa moja na dakika chache.

SANDUKU: Na tutajuaje kwamba ndani mna kilo 6 kweli?

MTUNGI: Mwenyekiti, huo ni udhalilishaji.

SANDUKU: Malori yote yanapanda mizani pale Njuki, na hakuna lililowahi kulia. Uzito wako ukiwa mtupu umeandikwa mwilini mwako. Wakala akuweke kwenye mizani, atoe uzito huo, kinachobaki ndicho gesi iliyolipiwa. Asiye na mizani, mteja aende duka la pili.

MTUNGI: Nimekubali, ila chini ya shinikizo.

MWIKO: Hayo umezaliwa nayo.

JIKO LA MCHINA: Mimi ni jiko la mafuta ya taa, la tambi kumi. Nimelea wanafunzi wa vyuo vyote nchini. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta yangu ili watu waache kuyachanganya na dizeli. Wachakachuaji walikuwa wengine, adhabu nikapewa mimi.

SANDUKU: Pole sana, ndugu yetu. Kikao kinatambua mchango wako. Gari likiingia kwenye mashimo, tangi lako linamwagika?

JIKO LA MCHINA: Kidogo tu.

SANDUKU: Kidogo hicho kikifika kwenye unga, ugali unanuka siku tatu. Kikifika kwenye godoro, mtu analala juu ya kibiriti. Kikao kinakustaafisha kwa heshima.

MZEE MKAA: Wanangu, hamjambo.

WOTE: Shikamoo, mzee.

MZEE MKAA: Marahaba. Mimi sina maneno mengi. Kuku wa Singida hajawahi kulikana jiko la mkaa.

MTUNGI: Mzee, mkaa si ulipigwa marufuku? Tangu Januari 31, 2024 taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuuacha.

MZEE MKAA: Safari hii ina watu wangapi?

MTUNGI: Wawili.

MZEE MKAA: Basi waliobaki 99 wakifika, niamshe.

SANDUKU: Mzee yuko ndani ya sheria, lakini hataingia ndani ya gari akiwa na kaa hata moja la moto, si kwa kupika wala kwa kuota baridi. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu aliyelala hasikii chochote; hupitiliza usingizini. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi.

MZEE MKAA: Na huyu wa gesi?

SANDUKU: Na yeye pia anapikia nje. Wakati wa kipupwe upepo wa Singida unavuma kweli, moto unalala na gesi inakwisha bure, kwa hiyo apewe kinga ya bati upande unakotoka upepo. Upande mmoja tu. Ukimzungushia bati pande zote, chupa yake inapata joto lisiloihusu.

Uamuzi wa ajenda ya kwanza hufuata kanuni inayofaa mikoa mingi ya nchi: moto mkuu uwe ule ambao nishati yake inapatikana kwenye mji mdogo kabisa ulio njiani. Moto wa pili uwe wa aina nyingine, ili hitilafu moja isilaze watu na njaa. Kwa msafara huu Mtungi akawa wa kwanza na Mzee Mkaa wa pili, kwa masharti ya kuku.

Ajenda ya pili: vyombo vya kupikia

BIBI SUFURIA: Tumekuja ndugu saba, kuanzia namba moja hadi namba saba. Hatuachani.

SANDUKU: Bibi, wale ni watu wawili.

BIBI SUFURIA: Wakipata wageni?

MWIKO: Rungwa? Wageni wa kule wana mikia.

SANDUKU: Watachaguliwa wawili wanaoingia mmoja ndani ya mwingine, kikaango kimoja, na mfuniko mmoja unaowafaa wote. Mfuniko huokoa gesi kuliko hotuba yoyote ya Mtungi. Kati ya sufuria na sufuria kitawekwa kipande cha kanga, maana barabara ya vumbi husaga vyombo vikatoboka na kupiga kelele njia nzima.

BIBI SUFURIA: Na maharage? Mimi napika maharage.

SANDUKU: Mji wa Singida uko kama meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na kuongeza moto hakuyapandishi zaidi. Maharage makavu yatamla Mtungi mpaka aishe. Yalowekwe usiku kucha, au yachemshwe nyumbani na kubebwa yakiwa yameiva. Kambini yaungwe tu, kwa vitunguu na mafuta ya alizeti.

MTUNGI: Mwenyekiti leo ameongea kama mwanasayansi.

SANDUKU: Nimeongea kama aliyebeba maharage mabichi mpaka Kigali.

Ajenda ya tatu: maji na uzito

DUMU: Mimi ni lita 20. Bila mimi hakuna chai, hakuna ugali, hakuna kunawa. Naomba kiti cha mbele.

SANDUKU: Hesabu kwanza. Kunywa na kupika ni kama lita 5 kwa mtu kwa siku. Watu wawili, siku tatu, ni lita 30. Wewe utakwenda na mdogo wako wa lita 10, na maji ya kuoshea yatachotwa na kuwekwa mbali na ya kunywa.

DUMU: Na kiti cha mbele?

SANDUKU: Lita 20 ni kilo 20. Gari likifunga breki ghafla, kilo 20 zilizolegea husafiri kwa mwendo uleule wa gari mpaka zikutane na kisogo cha dereva. Vizito vyote hukaa chini kabisa, karibu na ekseli ya nyuma, na hufungwa kwa mkanda. Vyepesi hukaa juu. Kwenye paa hapapandi chombo cha maji wala mtungi, kwa sababu uzito wa juu hulifanya gari liyumbe kwenye kona.

MWIKO: Mimi ni mwepesi.

SANDUKU: Wewe utakaa kwenye droo, na droo iwe na kitasa. Droo isiyo na kitasa hujifungua yenyewe kwenye mteremko wa kwanza.

Ajenda ya nne: mpangilio ndani ya gari

MTUNGI: Mimi nilale chini ya kitanda. Kuna kivuli na utulivu.

SANDUKU: Hulali kabisa, unasimama. Ukilazwa, gesi iliyo katika hali ya maji hufika kwenye kichomeo na moto hulipuka kwa urefu usiotarajiwa. Tena gesi yako ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, hujikusanya sakafuni, chini ya kitanda hasa, ikingoja cheche.

MTUNGI: Lakini nimetiwa harufu makusudi ili nisikike!

SANDUKU: Wa kuisikia amelala. Utafungwa nje, kwenye kibebeo cha mlango wa nyuma, wima, mikanda miwili, koki imefungwa. Gari lisilo na kibebeo hutengenezewa kabati lililozibwa upande wa ndani na lenye tundu sakafuni la kutokea nje. Kabla ya kuondoka utapakwa povu la sabuni kwenye koki na maungio. Povu likitoa mapovu mapya, safari inasubiri. Hatutafuti kwa njiti ya kiberiti.

Kwenye kona ya uani alikuwepo mjumbe ambaye hadi hapo hakuwa amesema neno: Mtungi Mwekundu, wa kuzimia moto.

SANDUKU: Na wewe unakaa wapi?

MTUNGI MWEKUNDU: Chini ya kiti, nyuma ya tairi la akiba, chini ya jeki. Kazi yangu ni kuonyeshwa kwa trafiki. Akishaona stika, narudi kulala.

SANDUKU: Moto ukiwaka?

MTUNGI MWEKUNDU: Hilo sijawahi kuulizwa barabarani.

SANDUKU: Kuanzia leo utafungwa karibu na mlango, mahali mkono unapofika mtu akiwa nje. Usiwekwe nyuma ya jiko, kwa sababu hakuna anayepita kwenye moto kufuata kizimamoto. Mshale wako uko kwenye kijani?

MTUNGI MWEKUNDU: Ulikuwa kijani siku ya stika.

SANDUKU: Katibu, andika: apelekwe kukaguliwa kesho asubuhi kabla ya safari.

Ajenda ya tano: kambini usiku

BIBI SUFURIA: Tukishapika, tunalala nje tupigwe na umande. Kuosha ni asubuhi.

SANDUKU: Porini sufuria yenye harufu ya nyama haiamki ilipolala. Fisi huibeba na kuitafuna. Vyombo huoshwa usiku uleule, mabaki hufungwa kwenye chombo chenye mfuniko, na vyote hurudi kwangu. Hakuna chakula kinachobaki chini ya gari wala ndani ya hema.

MWIKO: Takataka zifungwe kwenye mfuko wa plastiki?

SANDUKU: Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Beba ndoo yenye mfuniko, urudi nayo mjini. Na Mzee Mkaa azimwe kwa maji, majivu yakorogwe mpaka mkono usikie baridi, ndipo yafukiwe. Kaa lililofukiwa likiwa na moto huamka upepo ukivuma.

MZEE MKAA: Kuzimwa kwa maji ni kuvunjiwa heshima.

SANDUKU: Kuchoma pori la serikali ni kuvunjiwa dhamana, mzee wangu.

Ajenda ya sita: kuhifadhi baada ya safari

Vyombo vingi vya kambi huharibikia nyumbani, si porini. Huvundikwa ndani ya sanduku vikiwa na unyevu, na safari inayofuata hukutwa na harufu na kutu.

SANDUKU: Kila mtu akauke juani kabla ya kunirudia. Kikaango cha chuma kipakwe mafuta ya alizeti kidogo sana. Madumu yasuuzwe na yaachwe wazi, vichwa chini. Mtungi atakaa nje ya nyumba, kivulini, wima. Mpira wa gesi, kwa jiko linalotumia mpira, utaangaliwa kama haujagugunwa na panya. Na mimi mwenyewe niachwe kifuniko wazi nipumue.

MWIKO: Nisome kumbukumbu?

SANDUKU: Maazimio tu.

MWIKO: Moja, Mtungi ndiye moto mkuu; atapimwa kwanza. Mbili, Mzee Mkaa ni msaidizi, nje tu. Tatu, Jiko la Mchina amestaafu na atapewa cheti. Nne, sufuria ni mbili. Ndugu watano wamebaki nyumbani na wamekata rufaa. Tano, maji ni lita 30, chini, yamefungwa. Sita, Mtungi Mwekundu ameagizwa kufanya kazi yake. Saba, posho haikujadiliwa, ingawa ililetwa.

JIKO LA KOPO: Na mimi?

SANDUKU: Wewe umeundiwa kamati ndogo, itakayokutana kopo likipatikana.