Mahali pa Mahari

Bibi yetu alifariki alfajiri ya Jumanne, na jua lilipochomoza kundi la ukoo la WhatsApp lilikuwa limeshajaa vilio. Baba mdogo, ambaye huandika kama anavyosema na husema kama anayefyeka msitu, aliandika: "Poreni sana wote, mama ameenda kurara."

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, Dar es Salaam, machozi yananitoka kwelikweli. Lakini kidole changu kimehariri maandiko ya watu kwa miaka 18 na hakikujua kwamba kuna msiba. Kikaandika: "*Poleni. *Kulala." Kikatuma.

Kundi lenye watu 64 likanyamaza kama kanisa. Kisha shangazi akaandika: "Maiti haijaoshwa bado, wewe unasahihisha?"

Nilikaa kwenye basi mpaka Tarime nikiomba Mungu mtandao ukatike nchi nzima. Haukukatika. Niliposhuka, vijana waliokuwa wakichimba waliniona kwa mbali, mmoja akatoka shimoni, akanikabidhi sepetu kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Karibu, mura. Tumekosea wapi? Sahihisha kaburi."

Ninastahili. Ila naomba nieleze nilikofunzwa ugonjwa huu, maana haukuanzia mjini.

Sisi Wakurya lugha yetu haina l. Ina r, na r hiyo inatutosha: tunakura, tunarara, tunaripa madeni. Mtoto wa kwetu huanza shule akiwa na herufi moja ya kazi hiyo, halafu anaambiwa ziko mbili, na kwamba asipozitenganisha atachapwa. Mwaka 1928, kule Mombasa, ndipo Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na huko Unguja r na l zimekaa nyumba mbali mbali tangu enzi. Mimi hujiuliza mkutano ule ungefanyika Tarime ingekuwaje. Leo watu wa Pwani wangekuwa wanachapwa kwa kusema "kula".

Bibi hakuwahi kuliona hilo kuwa tatizo. Kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970 ilimkuta na watoto saba na shamba la mtama, akaenda kwenye kisomo jioni chini ya mti, akajua kusoma. Nilipomlalamikia kuhusu herufi zangu mbili, alisema hao ni mapacha, mama yao tu ndiye anayewatofautisha, na ukiita mmoja vibaya mwingine ataitika. Uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 ulipofika, mjumbe akapita na kipaza sauti akitangaza siku ya kura, bibi alisikiliza mpaka mwisho ndipo akauliza: "Sisi tunapiga kura. Wanaokura ni akina nani?" Mjumbe hakuwa na jibu, na mpaka leo sijaona palipohitaji kusahihishwa.

Lakini turudi nyuma kidogo, 1993, nikiwa darasa la tano. Mwaka huo tuliletewa mwalimu mpya wa Kiswahili, mtu mpole, mrefu, mwenye mwandiko wa kupendeza ubaoni. Alikuwa Msukuma. Wasomaji wa Kanda ya Ziwa wameshaanza kucheka, nao wengine nawafafanulia: Kisukuma hakina r. Kina l. Serikali, kwa hekima yake, ilichukua mtu asiye na r ikamtuma kuwafundisha watu wasio na l.

Somo la kwanza nalikumbuka kama jana. Mwalimu aliandika ubaoni maneno mawili, kula na kura, akayapigia mstari, akatugeukia. "Sikilizeni kwa makini. Hili la kwanza ni kula. Hili la pili si kula. Ni kula. Mmesikia tofauti?"

"Ndiyo, mwarimu!"

"Haya, semeni."

"Kura! Kura!"

"Hapana! Kula, halafu kula!"

Tukaendelea hivyo kipindi kizima, yeye akivuta huku, sisi tukivuta kule, na ubao katikati ukiwa ndio peke yake unaojua Kiswahili.

Siku ya imla ndiyo iliyokuwa siku ya damu. Alituamuru tuandike: "Kalani alilalua balua." Sisi tukasikia tulivyosikia, tukaandika "Karani arirarua barua." Msomaji akihesabu vizuri ataona kwamba hapo sisi tulikosa herufi moja tu na mwalimu alikosa nne. Fimbo lakini ilikuwa mkononi mwake. Juma lililofuata tukaamua kujihami: kila penye shaka, weka l. Tukaandika balaza, halusi, chakula cha asubuhi na, kwa ujasiri mkubwa, Mkoa wa Mala. Wino mwekundu uliisha.

Hatukuwa na pa kukimbilia. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilikuwa imetoka tangu 1981 na shule ilikuwa na nakala moja, imefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu pamoja na chaki na mpira wa miguu. Mpira tuliuona mara mbili. Tukikata tamaa kabisa, mwalimu alitukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere ni wa mkoa huu huu, mtoto wa Butiama, Mzanaki, na kwamba alimchukua Shakespeare akamtafsiri mpaka Juliasi Kaizari akasema Kiswahili safi. "Amewatafsilia Walumi," alisema kwa uchungu, "nyinyi kula inawashinda!"

Sitaki kumwonea. Sauti zilimshinda, lakini sarufi aliijua kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake gizani. Ngeli alitufundisha mpaka tukaziota. Na alikuwa na kanuni moja ambayo ilikuwa dawa yake yeye mwenyewe kwanza, nadhani, ndiyo maana aliirudia kila siku: "Neno likikuhadaa, mtazame jilani yake." Yaani kama hujui umesikia nini, angalia kiambishi cha neno linalofuata. Kisima kimejaa, mahali pamejaa. Jirani hadanganyi.

Kwa kuwa nilikuwa nashika nafasi ya pili darasani, niliteuliwa kuwa mwandishi wa barua wa ukoo. Kazi hii haikuwa na mshahara ila yai. Mzee anakaa kwenye kigoda, anasema kwa Kikurya, mimi naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kikurya hatukufundishwa kukiandika. Na barua za wakati ule zilikuwa na katiba yake. Huwezi kuanza na jambo. Unaanza na hali yako, mimi mzima, hofu ni kwako, kisha unasalimia watu kumi na moja kwa majina, kisha mvua, kisha mbuzi aliyezaa, na pale chini kabisa, karatasi inapokaribia kuisha, ndipo lile lililokuleta linapobanwa kwa herufi ndogo ndogo.

Baba mdogo wakati huo alikuwa Mwanza, akikata minofu ya sangara kiwandani. Alikuwa ameomba mambo mawili nyumbani. La kwanza, atafutiwe kiwanja cha kujenga. La pili, asaidiwe ng'ombe wa kuolea, maana alikuwa amepata binti wa Magu. Babu alilishughulikia la kwanza upesi. La pili alisema litasubiri, binti hakimbii.

Jioni moja babu akaniita, akatamka barua nzima, na mwishoni akaniambia: mwambie mahali pamepatikana, aje haraka. Nami, nafasi ya pili darasani, karatasi imebaki vidole viwili, nikaandika nilivyosikia kichwani mwangu, na kichwa changu hakina l: "Mahari pamepatikana. Njoo haraka." Akapewa kondakta wa basi la asubuhi, barua ikavuka daraja la Kirumi kuelekea Mwanza, nami nikala yai langu.

Wiki tatu baadaye wakashuka njia panda wazee wanne wa Kisukuma na shangazi mmoja, wamevaa vizuri, fimbo mkononi, baba mdogo akiwa nyuma yao amebeba mikoba kama kuli. Babu aliwapokea kwa gambuti, alikuwa ametoka zizini. Maji yakaletwa, salamu zikazunguka. Kikurya wao hawakijui, Kisukuma babu hakijui, ikabidi Kiswahili kitumike, Kiswahili cha pande zote mbili.

Mzee wao akakohoa. "Tumekuja kwa ajili ya mahali."

Uso wa babu ukang'aa. Kumbe wakwe wenyewe wamekuja kuona binti yao atakapoishi! Watu waungwana. "Mahari yapo," akasema, "tena karibu sana. Twendeni."

Msafara ukaondoka, nami nyuma. Tukafika kwenye kiwanja: mambo manne ya mti, kamba ya katani imezungushwa, kichuguu kimoja katikati. Babu akanyoosha mkono kwa fahari. "Mahari ndiyo hapa."

Wazee wakatazama kulia, wakatazama kushoto. Mmoja akachungulia nyuma ya kichuguu.

"Wako wangapi?"

"Akina nani?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe hapa hawaingii kabisa," babu akawatoa wasiwasi. "Nitaweka uzio."

Shangazi akaketi juu ya kichuguu, akavua kiatu. Mzee wao, kwa sauti ya mtu anayejizuia, akauliza ni mahali gani haya yasiyo na ng'ombe hata mmoja, na babu akajibu kwamba mahari yote mazuri huanza hivi hivi, bila kitu, mtu huleta mawe yake taratibu. Baba mdogo alikuwa akichora ardhini kwa kidole gumba cha mguu, hasemi lolote.

Ikabidi aitwe mwalimu. Alikuja na vumbi la chaki mikononi, akaongea na wageni Kisukuma kwa muda mrefu, akashika kiuno, akamgeukia babu. "Mzee, hawa hawajaja kwa ajili ya mahali. Wamekuja kwa ajili ya mahali." Kisha, taratibu, akanigeukia mimi.

Ng'ombe wanane walitolewa jioni ile ile, babu akiwa amekaza meno, kwa sababu mgeni wa heshima hawezi kurudishwa mikono mitupu kwa kosa la mtoto. Wanne walifuata baada ya mavuno. Na Jumatatu, mbele ya darasa, mwalimu alinipa adhabu: "Andika mahali mala hamsini, halafu andika mahali mala hamsini." Niliandika mia moja, zote mahali, na nilipochapwa sikuona nimekosea wapi.

Basi siku ya tatu ya msiba wa bibi, watu wamepungua, mama mdogo (binti yule wa Magu, sasa ana wajukuu wanne) alinihurumia. Alikwenda ndani, akafungua sanduku la bati, akarudi na karatasi iliyokunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa. "Usione aibu na sahihisho lako," akasema. "Makosa yako ndiyo yaliyonileta hapa. Hiki ndicho cheti changu. Siku mume wangu alipoisoma alikuja mbio kwetu na harufu yake ya samaki, anatweta, anasema baba ametoa mahali."

Nikaisoma. Mwandiko wangu wa miaka ile, mbuzi aliyezaa, salamu kumi na moja. Nikafika chini. Kidole kikaanza kuwasha. Mahari, sawa, r hiyo ni yangu. Lakini baada yake nilikuwa nimeandika pamepatikana. Siyo imepatikana. Pamepatikana, p ya wazi kabisa, yenye mkia.

Nikainua macho. Baba mdogo alikuwa amekaa ng'ambo ya moto, ananitazama tangu nilipoishika karatasi.

"Baba mdogo," nikasema polepole, "wewe Kiswahili ulifaulu?"

"Nafasi ya kwanza," akasema. "Mwarimu wenu, kabra hajaretwa kwenu, arinifundisha mimi kure Musoma." Akachukua barua mkononi mwangu, akaikunja kwa mikunjo yake ya zamani, akaipitisha kwa mkewe bila kumtazama. Kisha akaniinamia, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia akitamka l safi, ya kuazima: "Neno likikuhadaa, mtazame jilani yake."

Mama mdogo alikuwa amegeuka kupakua ugali. Akauliza tunacheka nini na msiba haujaisha.

"Hakuna kitu," baba mdogo akamjibu. "Mambo ya sarufi tu."